Azote, Stickstoff, naitrojeni: majina matatu ya kitu kimoja, na wewe unalala nacho chumbani

"Shikamoo mtaalamu. Mimi nimezaliwa Bukavu, shule yote nimesoma kwa Kifaransa, saivi niko upande wa Arusha namsaidia daktari mmoja wa mifugo kazi ya uhimilishaji wa ng'ombe. Ofisini tuna mitungi mitatu ya kutunzia mirija ya mbegu za madume. Mmoja umeandikwa AZOTE LIQUIDE, wa pili una karatasi ya Kijerumani FLÜSSIGER STICKSTOFF, wa tatu LIQUID NITROGEN. Bosi anasema ni kitu kilekile na kweli anayekuja kujaza anajaza yote kutoka pipa moja. Ila mwalimu wetu wa kemia alitufundisha azote maana yake isiyo na uhai, na binamu yangu aliyeko Ujerumani ananiambia Stickstoff ni kitu cha kukaba watu roho. Sasa kitu kisicho na uhai kinatunzaje mbegu hai? Na mbona mbolea ya urea wanasema ina naitrojeni ndo maana mahindi yanakuwa kijani? Mwingine kanambia azote ni neno la wachawi wa zamani. Jina gani ndo la kweli, na je ni sumu? Nauliza kwa sababu mimi ndo nalala na hiyo mitungi, chumba ni kimoja."

Marahaba mdogo wangu. Nilikuwa nasoma swali lako natabasamu, nikafika mstari wa mwisho nikaacha kutabasamu. Kwa hiyo kabla hatujaingia kwenye Kigiriki na Kijerumani, leo usiku ama mitungi itoke chumbani ama utoke wewe. Sababu nitakueleza huko chini, na utaona inahusiana moja kwa moja na hayo majina unayoyauliza.

Bosi wako yuko sahihi. Ni elementi moja, alama yake N, na ndani ya mtungi iko kwa jozi jozi, N2. Sumu sio. Hewa unayovuta hapo ulipo asilimia 78 ni naitrojeni (wengine wanaandika nitrojeni, mimi nimezoea hivi), inaingia mapafuni inatoka kama ilivyoingia tangu siku uliyozaliwa. Mwalimu wako wa Bukavu naye hakukudanganya, na binamu hajakosea sana. Mnachogombania ni kwamba kila mmoja amechukua jina akalifanya maelezo ya kitu chenyewe. Jina la kisayansi mara nyingi linakwambia tu aliyelitunga alikuwa anatazama nini siku hiyo, basi, na siku hiyo anaweza akawa anatazama upande mmoja wa kitu chenye pande kumi.

Walichokuwa wanatazama ni panya aliyekufa.

Mwaka 1772 kule Edinburgh, Uskoti, kijana wa miaka 22 anaitwa Daniel Rutherford alikuwa anamalizia shahada yake ya udaktari. Akamfungia panya ndani ya chombo kisichopitisha hewa mpaka akafa. Kwenye hewa iliyobaki akawasha mshumaa mpaka ukazimika, halafu fosforasi nayo mpaka ikagoma kuwaka. Kisha akaipitisha ile hewa kwenye maji ya alkali yanayonyonya hewa ukaa. Ungetegemea baada ya hapo pasibaki kitu, lakini ikabaki hewa nyingi tu, haiwashi moto wala haitunzi uhai, ukimweka panya mwingine anakufa. Rutherford akaiita hewa mbaya, yenye madhara. Miaka hiyohiyo wengine walikuwa wanaifukuzia hewa hiyohiyo bila kujua wanafukuzia kitu kimoja: Scheele kule Sweden aliiita hewa iliyoharibika, Priestley Uingereza akaiita hewa iliyojaa flojistoni, hiyo flojistoni ikiwa ni dutu ya kufikirika ambayo waliamini inatoka kwenye kila kinachoungua. Haikuwepo, ila kwa wakati huo ilikuwa ndo sayansi yenyewe.

Unaona hapo? Hewa moja, majina matatu, na bado hatujafika hata kwa Wafaransa.

Wafaransa waliingia 1787. Lavoisier, Guyton de Morveau, Berthollet na Fourcroy walikaa wakasema majina ya kemia yamekuwa fujo, tuyapange upya. Ndo hapo likatoka azote. Ni Kigiriki: "a" ya kukanusha, ileile iliyo kwenye atomi yaani kisichokatika, na "zoe" ambayo ni uhai, hiyohiyo unayoikuta kwenye zuolojia na kwenye majina ya mabinti wanaoitwa Zoe. Kwa hiyo isiyo na uhai, kama mwalimu alivyosema, ila maana waliyokusudia ilikuwa nyembamba zaidi: isiyomwacha hai mnyama anayeivuta peke yake. Lavoisier mwenyewe alijua jina halijakaa vizuri. Kwenye kitabu chake cha 1789 anaeleza kwamba walifikiria majina mengine, maana hewa hii ilishaonekana ndani ya amonia na ndani ya asidi ya nitriki pia, kila upande ukidai jina litoke kwake, basi wakaamua wachukue jambo moja wasiloweza kubishana, kwamba mnyama akiivuta anakufa. Yaani jina la maelewano, kama jina la mtoto ambaye ukoo wa baba na wa mama wamegombana mpaka akaitwa jina la siku aliyozaliwa.

Kabla sijaendelea, hilo la wachawi. Huyo aliyekwambia amechanganya maneno mawili yanayofanana. Kuna azoth, yenye h mwishoni, neno la wale wanaalkemia wa zamani Ulaya waliotaka kugeuza risasi kuwa dhahabu. Wao walimaanisha zebaki, na wengine wakalipandisha cheo likawa dawa ya kila ugonjwa. Lilitoka kwenye Kiarabu, az-zauq, ambalo ni sura nyingine ya zibaq, na zibaq ndo hiyohiyo zebaki yetu ya Kiswahili, ile ya kwenye kipimajoto na ya wachimba dhahabu. Kwa hiyo azoth ni ndugu wa zebaki, azote ni ndugu wa Zoe, na wao kwa wao hawana hata undugu wa kunyonya. Watu mtandaoni wanapenda kuwaunganisha kwa sababu inaleta utamu.

Sasa Wajerumani. Mwishoni mwa karne ya 18 walipokea kemia mpya ya Wafaransa, lakini maneno ya Kigiriki wakaona ya nini, wakatafsiri kwa lugha ya nyumbani. Oksijeni ikawa Sauerstoff, kitu kichachu. Hidrojeni ikawa Wasserstoff, kitu cha maji. Na azote ikawa Stickstoff, kutoka ersticken, kukosa pumzi mpaka kufa. Stoff ni kitu, dutu, malighafi. Ila mwambie binamu awe mwangalifu na kamusi, maana sticken ya Kijerumani cha leo ni kudarizi, na Stoff pia ni kitambaa, kwa hiyo mtu mgeni akitafsiri neno kwa neno anapata kitambaa cha kudarizi. Sio utani, ndo inavyosomeka kwa asiyejua kwamba hizo sticken ni mbili tofauti zilizogongana sura, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Wazo hilo la kukaba likatembea Ulaya kaskazini na mashariki. Mholanzi anasema stikstof. Mdenishi kvælstof, kutoka kukaba koo, na Mswidi amelikata likabaki kväve tu. Mcheki anasema dusík, Mkroeshia na Mslovenia dušik, yote kutoka kitenzi cha kukosesha pumzi. Mwestonia ana lämmastik, ni hilohilo. Kule Aisilandi, ambako hawapendi kabisa neno la mgeni, kuna köfnunarefni, dutu ya kukosesha pumzi, refu kama treni. Upande wa pili wako waliobaki na neno la Lavoisier kama lilivyo au karibu yake: Mfaransa azote, Mwitaliano azoto, Mrusi, Mpolandi, Mromania na Mturuki wote azot, na Mgiriki mwenyewe akaazimwa neno lililotengenezwa kwa mifupa ya lugha yake, akalirudisha nyumbani: ázoto. Ureno utasikia azoto na nitrogénio, yote mawili.

Kwa hiyo karibu nusu ya Ulaya, kila wanapotaja hewa wanayovuta, wanamtaja yule panya wa Edinburgh na wenzake.

Na hili jina letu? Hapo ndo panachekesha. Naitrojeni nalo lilitungwa na Mfaransa. Jean-Antoine Chaptal, mwaka 1790, aliona azote halifai, na hoja yake ilikuwa nzuri sana kwa maoni yangu: kama unaiita isiyo na uhai kwa sababu mnyama hawezi kuivuta, basi hidrojeni nayo ni azote, hewa ukaa ni azote, kila gesi ni azote isipokuwa oksijeni. Jina halitofautishi kitu. Afadhali tuiite kwa kile inachozaa, akasema, na inazaa asidi ya nitriki, basi iwe nitrogène, mzazi wa nitre. Jambo hilo halikuwa la kubuni, mwaka 1785 Cavendish kule London alishaonyesha kwamba ukipitisha cheche za umeme kwenye hewa unapata hiyo asidi. Waingereza wakalipenda neno la Chaptal wakalichukua, Wahispania pia, na sisi tukalipokea kupitia Kiingereza. Wafaransa wenyewe wakabaki na azote mpaka leo, hata kwenye vitabu vyao vya zamani utakuta wanaandika Az pale wenzao wanapoandika N. Ndo maana wewe wa Bukavu una azote na jirani yako wa Arusha ana naitrojeni, mkisoma kemia ileile. Ni njia za wakoloni tu, Mbelgiji na Mwingereza, hakuna elimu kubwa kuliko nyingine hapo.

Ila hilo neno nitre, hapo usiniharakishe, maana linatufikisha kwetu. Wamisri wa kale walikuwa na chumvi ya magadi waliyoichota kwenye mabonde yanayokauka, walikaushia nayo maiti za wafalme, na kuna bonde mpaka leo linaitwa Wadi Natrun. Neno lao likaingia Kigiriki likawa nitron, Kilatini nitrum. Kwa upande mwingine likapita kwa Waarabu, natrun, likarudi Ulaya likawa natron. Neno moja limetoka mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Halafu lile la Kilatini likahama maana taratibu: zamani lilikuwa magadi, lakini karne zilivyopita, hasa baruti ilipoingia, watu wakaanza kuita nitrum ile chumvi nyingine nyeupe inayochanua kwenye kuta na mazizi, shura. Chumvi mbili tofauti kabisa, zote nyeupe, zote zinakwanguliwa chini, jina likateleza kutoka moja kwenda nyingine. Asidi ya nitriki ilitengenezwa kwa shura, kwa hiyo naitrojeni maana yake halisi ni mzazi wa shura.

Na natron? Hilo likabaki kwenye magadi. Wewe uko upande wa Arusha, mkoa huohuo ndo una Ziwa Natron, lenye heroe na magadi mekundu, na ng'ambo ya mpaka kule Kenya kuna Ziwa Magadi. Mzungu na Mswahili wameita kitu kilekile kila mtu kwa lugha yake. Na alama Na ya sodiamu unayoiona kwenye chati ya elementi, inayowasumbua wanafunzi wote kwa sababu neno sodiamu halina n wala a ya kuanzia, inatoka natrium, yaani hukohuko. N na Na, naitrojeni na sodiamu, majina yao ni mtoto na mjukuu wa bonde moja la Misri, na kikemia hawana uhusiano wowote. Mimi nimefundisha jambo hili miaka, na kila mara kuna mwanafunzi anayekuja baadaye kuniambia bibi yake anaweka natron kwenye makande. Ndiyo, anaweka.

Umeuliza jina gani ndo la kweli. Ukinibana nichague, naitrojeni ni bora kidogo kwa sababu inasema kitu kinachoihusu yenyewe tu, hoja ya Chaptal sijaona aliyeivunja. Ila usiichukulie kama jina la kweli na mengine ya uongo. Tazama oksijeni, jina ambalo hakuna anayelilalamikia, maana yake mzaa asidi. Lavoisier aliamini kila asidi lazima iwe na oksijeni. Mwaka 1810 Humphry Davy akaonyesha asidi ya hidrokloriki, ileile iliyoko tumboni mwako, haina oksijeni hata chembe. Jina ni kosa la wazi, na Wajerumani na Warusi wamelitafsiri kosa hilohilo kwa uaminifu, kitu kichachu, mzaa uchachu, na dunia inaendelea. Jina likishakaa mdomoni halitoki kwa sababu ya ukweli.

Turudi kwenye mbolea, maana swali lako hapo ni zuri na ni zito kuliko la majina. Inakuwaje isiyo na uhai ndo inayowapa mimea uhai?

Naitrojeni ya hewani imeshikana mbili mbili, na hicho kifungo kina nyuzi tatu, ni miongoni mwa vifungo vigumu sana kuvunjwa katika kemia. Wanapita pamoja kama mapacha walioshikana mikono, hawasemeshwi na mtu. Ndo maana mshumaa hauwaki, na ndo maana mahindi yamesimama katikati ya bahari ya naitrojeni na majani yanakuwa ya njano kwa kuikosa. Lakini kifungo kikivunjwa, kila atomi ikawa peke yake na kuungana na hidrojeni au oksijeni, inakuwa kitu kingine kabisa: inaingia kwenye kila protini, kwenye nyama ya ng'ombe wako, kwenye maziwa, kwenye DNA iliyomo kwenye mirija yako ya mbegu. Radi inavunja kiasi. Bakteria kwenye vinundu vya mizizi ya maharage na kunde wanavunja kimyakimya, ndo maana bibi zetu wanachanganya mahindi na maharage shamba moja. Na mwaka 1909 Fritz Haber, Mjerumani, alionyesha inavyoweza kuunganishwa na hidrojeni kwa mgandamizo mkubwa na joto, Carl Bosch akaifanya kiwanda, Oppau, 1913. Urea ya dukani inatoka kwenye njia hiyo. Mfuko wa kilo 50 ulioandikwa 46% N una kilo 23 za naitrojeni, iliyotolewa hewani. Na huko kwenu mfuko uleule unasomwa azote asilimia 46, isiyo na uhai asilimia 46, na mkulima anaumwaga shambani kwa furaha.

Kwa hiyo hakuna kupingana. Majina ya panya yanaizungumzia gesi, N2, ile iliyoshikana. Jina la Chaptal linaizungumzia ikiwa ndani ya vitu vingine. Kitu kimoja kikiwa kimefunga mlango na kikiwa kimefungua.

Mbegu za dume ni suala jingine, haziishi kwa kula naitrojeni. Zinahifadhiwa na baridi tu. Naitrojeni ya maji, yaani iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, inachemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na kwenye baridi hiyo shughuli zote za kemia ndani ya mbegu zinasimama, kama umebonyeza pozi. Huo mgando ungezipasua kama isingekuwa gliseroli inayochanganywa, jambo ambalo Polge na wenzake Uingereza waligundua mwaka 1949, tena kwa mbegu za jogoo. Na hapo ugoigoi wa naitrojeni unasaidia, haigusi kitu wala haishiki moto. Na bei yake ni nafuu, kwa sababu malighafi ni hewa.

Na kama bado unaliogopa neno azote, kafungue boksi la dawa nyumbani. Albendazoli ya minyoo, metronidazoli ya amiba, flukonazoli ya fangasi, omeprazoli ya vidonda vya tumbo, diazepamu, zote zina "az" katikati, na hiyo "az" ni kipande cha azote, wanakemia wanaitumia kusema hapa ndani ya molekuli pana naitrojeni. Hata wanaosema nitrogen siku nzima wakianza kutaja molekuli wanarudi kwa Lavoisier bila kujua. Azithromaisini hivyohivyo, na hiyo iligunduliwa 1980 kwenye kampuni ya Pliva kule Zagreb, kwa watu ambao nyumbani wanaita naitrojeni dušik. Na AZT, dawa ya kwanza ya Ukimwi kuidhinishwa Marekani, 1987, ile Z ni ya azido, yaani azote, yaani zoe, uhai, na kinyume chake mbele yake.

Sasa chumba chako.

Jina la binamu ndo ulishike hapa, Stickstoff, lakini hata lenyewe litakudanganya mahali pabaya kuliko pote, kwa hiyo soma polepole. Ukizuia pumzi, kile kinachokufanya uhangaike kutaka hewa sio upungufu wa oksijeni. Ni hewa ukaa inayojaa kwenye damu, mwili unaipima hiyo ndo unakupigia kelele. Yule panya wa Rutherford alifungiwa na hewa ukaa aliyoitoa mwenyewe, kwa hiyo alihangaika, alikabwa kweli. Mtu aliye kwenye chumba kilichojaa naitrojeni hakabwi. Anatoa hewa ukaa yake vizuri kama kawaida, hasikii kubanwa, hasikii harufu kwa sababu haina, anahisi kichwa chepesi kidogo au hahisi chochote, halafu anaanguka. Anayesubiri dalili za kukabwa ndo akimbie, hakuna atakachosubiri.

Tupige hesabu ya haraka. Lita moja ya naitrojeni ya maji ikipata joto inakuwa gesi kama lita 700. Mtungi wa lita 20 una gesi ya lita 14,000, mita za ujazo 14. Chumba cha mita tatu kwa tatu chenye dari ya mita mbili na nusu kina mita za ujazo 22 na nusu. Mtungi ukianguka ukamwagika wote mlango umefungwa, oksijeni inaweza kushuka kutoka asilimia 21 hadi 11 hivi, na hapo mtu anachanganyikiwa na kuzimia, na kama amelala hata hatajua. Na wewe una mitungi mitatu.

Nisikutishe kupita kiasi, maana nataka uniamini. Mtungi mzima uliosimama vizuri unapoteza kidogo sana kwa siku, na kwenye chumba chenye madirisha wazi hiyo haina neno, ndo maana umelala nao mpaka leo na umeamka kuniandikia. Hatari iko siku ya kujaza, siku ya kumwagika, na siku mtungi unapopoteza ombwe lake, ule utupu ulioko kati ya kuta zake mbili unaozuia joto lisiingie. Hiyo utaitambua: mtungi unatoa jasho au unaganda barafu kwa nje, au unaisha haraka kuliko kawaida. Ukiona hivyo usiupake gundi wala kuufunga kitambaa, utoe nje ya chumba na umpigie aliyewauzia au kituo cha uhimilishaji kilichowapa, waje wauangalie wenyewe, sio kitu cha fundi wa mtaani. Kifuniko kiwe kile chake kinacholegea, usikibane hata siku moja kwa sababu ya kuzuia isiishe, gesi ikikosa pa kutokea mtungi unakuwa bomu. Kwenye gari usiubebe ndani ya kabini na vioo vimefungwa, uende nyuma kwenye pikapu. Na mvuke wake ukiwa wa baridi ni mzito, unakaa chini, kwa hiyo kama unalala kwenye godoro sakafuni uko mahali pabaya kuliko anayelala kitandani.

Ukimkuta mtu ameanguka karibu na mitungi usimkimbilie, najua ni ngumu lakini wapo waliokufa hivi kwa sababu ya kwenda kuokoa. Fungua milango kutoka nje, piga kelele, ita watu. Ikikumwagikia mkononi usisugue, weka kwenye maji ya uvuguvugu na uende hospitali hata kama hakuna lengelenge bado. Na kama siku hizi unaamka na kichwa kinauma au kizunguzungu kinachoisha ukitoka nje, nenda kwa daktari wa watu, sio wa ng'ombe, umwambie wazi unalala na nini.

Kwa lebo, usibandue hizo za Kifaransa na Kijerumani, ila tafuta namba 1977 kwenye kila mtungi. Hiyo ndo namba ya kimataifa ya naitrojeni ya maji, haina lugha, mtu wa zimamoto akiiona ataelewa hata kama hajui azote wala Stickstoff. Isipokuwepo mwombe anayekuja kujaza alete stika yake. Na huyo bosi mwonyeshe hesabu ya lita 14,000, umwambie mtaalamu ameuliza chumba chenu kina ukubwa gani.